Pikapu na Mkonga Wake

Gari lilikuwa jipya kabisa. Nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imefunika viti, na mita ilionyesha kilomita za kutoka bandarini Dar es Salaam mpaka Arusha, basi. Fundi alipima kwa futi kutoka nyuma ya kabini, akachora mstari wa chaki kwenye chesisi, akapima mara ya pili, akavaa miwani, akawasha grainda. Cheche ziliruka mpaka ukutani. Haikupita saa, Land Cruiser ya bei ya nyumba ilikuwa vipande viwili: injini na kabini upande huu, ekseli ya nyuma upande ule, na katikati pengo ambalo mtoto angeweza kulala.

Nilisimama pembeni moyo ukinidunda kama mtu anayetazama kosa likitendeka. Fundi hakujali. Aliponiona nimekodoa macho akaniambia, “Mzee wangu, hili halijawa gari bado. Hii ni mali ghafi.”

Niliinama kuangalia mahali alipokata. Mstari haukuwa umenyooka wima, ulikwenda mshazari, na upande wa pili wa chesisi mkato haukuwa mkabala na wa kwanza. Akanieleza sababu huku akipuliza vumbi la chuma: ukikata wima na ukachomelea wima, siku chuma kitakapochoka kitaachia chote kwa mpigo mmoja. Mshazari huugawa mzigo kwenye urefu wa mchomeleo. Ndani ya pengo aliingiza chuma cha unene uleule, akakizibia kwa sahani za chuma ubavuni, na kazi ya kuchomelea ikaenda polepole, kidogo hapa, kidogo pale, chesisi isipate joto la upande mmoja ikapinda. Kisha vikafuata vile vyote ambavyo mtu wa kawaida hasahau kwa sababu hakuwahi kuvijua: propela ya kupeleka mzunguko kwenye ekseli ya nyuma lazima irefushwe na kupimwa isitikisike, mabomba ya breki na ya mafuta yaungwe, kebo ya breki ya mkono iongezwe, nyaya za taa zivutwe. Bodi la watalii lenye paa la kuinuka lilikuwa linasubiri kwenye kona, bado ni mifupa ya mabomba ya mraba.

Maneno yake kuhusu mali ghafi yalinikaa kichwani, kwa sababu ukiitazama historia ya magari ya mizigo katika Afrika Mashariki, alikuwa anasema kitu cha zamani sana.

Katika miaka ya mwanzo ya gari nchini Kenya, mteja mara nyingi hakununua gari zima. Alinunua chesisi yenye injini, magurudumu na usukani, na mengine yakatengenezwa mjini. Mafundi waliipigia bodi la mbao lenye umbo la sanduku, na ndilo lililokuwa gari la kawaida la walowezi na wawindaji katika miaka ya 1920: nyuma mizigo, mbwa na mahema, mbele watu wawili, juu turubai. Ford ilikuwa imeanza kuuza chesisi ya tani moja, ile iliyoitwa TT, mwaka 1917. Pikapu iliyotoka kiwandani ikiwa na sanduku lake la chuma ilikuja baadaye, mwaka 1925. Kwa hiyo wakati Detroit inatangaza pikapu kama bidhaa mpya, seremala wa Nairobi alikuwa ameshapiga nyingi kwa randa na misumari.

Seremala huyo alitoka wapi? Wengi wao walikuja na reli, au waliwafuata ndugu zao waliokuja na reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta kutoka Bara Hindi karibu vibarua na mafundi 32,000 kujenga njia ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Kama 2,500 walikufa, na wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, ila 6,700 hivi hawakurudi. Kati yao walikuwamo wahunzi na maseremala wa Punjab, na wale Masingasinga wenye vilemba ndio waliofungua karakana za mikokoteni ya ng'ombe, na mikokoteni ilipopungua wakahamia kwenye mabodi ya malori. Neno karakana lenyewe lina asili ya Kiajemi, na huko India wanalitumia mpaka leo. Kijana wa Kiafrika aliyeshika upande wa pili wa ubao, akatumwa spana na kuzomewa kwa kuleta namba isiyo yake, ndiye aliyekuja kuwa fundi wa kizazi kilichofuata. Ujuzi haukuandikwa popote. Ulipita kwa macho.

Kabla ya kufika Arusha inabidi nipite jangwani kidogo, kwa sababu vifaa vingi unavyoviona leo vimefungwa kwenye keria la gari la safari vilijaribiwa kwanza huko. Ralph Bagnold alikuwa ofisa wa mawasiliano wa jeshi la Uingereza aliyepelekwa Misri miaka ya 1920, na badala ya kutumia likizo yake klabuni alikuwa anaingia na wenzake kwenye bahari ya mchanga kwa magari madogo ya Ford. Walijifunza kupunguza upepo kwenye matairi yatandazike juu ya mchanga. Walijifunza kubeba mabati mazito ya mfereji ya kutandika chini ya gurudumu lililozama, na mabati ya kwanza waliyaokota kwenye duka la vyuma chakavu Cairo. Ila ninachokipenda zaidi ni dawa yao ya maji ya rejeta. Gari likichemka jangwani, maji hutoka kama mvuke na kupotea, na maji ndiyo uhai wa watu. Basi walifunga mpira kutoka mdomo wa rejeta mpaka kwenye debe lenye maji kiasi, lililofungwa ubavuni mwa gari. Mvuke ulishuka kwenye debe ukawa maji. Debe likianza nalo kuchemka, dereva aligeuza gari likatazama upepo, akasimama kidogo, na rejeta ilipopoa ikayavuta maji yale yote ikayanywa tena. Ile chupa ya plastiki iliyo kando ya rejeta ya gari lako inafanya kazi kwa wazo hilohilo.

Vita vilipofika, Bagnold aliunda mwaka 1940 kikosi cha kuvamia mbali nyuma ya adui huko Libya, askari wake wa kwanza wakiwa wengi kutoka New Zealand. Walichukua malori madogo ya Chevrolet ya tani moja na nusu, yasiyo na nguvu kwenye magurudumu ya mbele, wakayavua milango na mapaa, wakayaongezea springi, wakayainua kingo za mbao, wakayafunga bunduki, redio na yale madebe. Jeshi zima la Uingereza lilikuwa na viwanda nyuma yake, lakini malori yale yalimalizwa kwa matakwa ya watu walioyaendesha.

Tarehe 30 Aprili 1948, kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza. Chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita na alumini ya ndege ilikuwa tele, ndiyo maana bodi lake likawa la alumini. Hata rangi ya kijani ya zile za mwanzo ilikuwa ya mabaki ya rangi za ndege. Kwa fundi wa huku hiyo ilikuwa neema. Bodi halikuoza kwa kutu, na karibu kila kipande kilifungwa kwa bolti, ukitaka kukitoa unakitoa. Bwana shauri, polisi, padri na mganga wa wilaya, wote walipanda Landrova. Na haikuchukua muda watu wakaanza kuikata.

Ushahidi wa kukatwa kwa magari ya enzi ile umebaki kwenye filamu. Mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961, mwongozaji Howard Hawks alikuja Tanganyika na John Wayne kupiga picha za *Hatari!*, kwa sehemu kubwa katika nchi ya Momella chini ya Mlima Meru. Hadithi yenyewe nyepesi, mapenzi na vichekesho vya wazungu. Ila itazame kwa jicho la fundi. Wahusika ni wakamataji wa wanyama wa bustani za Ulaya, na gari lao la kukamatia limevuliwa kila kisichohitajika, kisha kiti kimefungwa nje, juu ya madigadi ya mbele. Hapo ndipo John Wayne anakaa, amefungwa mkanda, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi, na gari linakimbia sambamba na faru kwenye mbuga yenye mashimo. Wanyama wale walikamatwa kweli, na waigizaji wenyewe wakiwa juu ya magari. Kiti kile cha madigadi hakikubuniwa na mtu wa sinema. Wakamataji wa wanyama wa Kenya na Tanganyika walikuwa na magari ya namna hiyo kwa kazi yao ya kila siku. Filamu ilitoka 1962, Tanganyika ikiwa imeshajitawala, na nje ya Afrika Mashariki watu wengi walilijua neno la Kiswahili “hatari” kwa sababu yake.

Huku nyuma, Japani, kulikuwa na gari lililotafuta jina. Vita vya Korea vilianza Juni 1950, na majeshi ya Marekani yakahitaji magari karibu na uwanja wa vita. Toyota ikatengeneza Januari 1951 gari la kujaribia lililoitwa BJ: umbo la jipu, injini ya lori ya silinda sita ya lita 3.4. Kazi ya Wamarekani haikuipata. Julai mwaka huohuo dereva wake wa majaribio, Ichiro Taira, alilipandisha Mlima Fuji mpaka kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limewahi kufika, na polisi wa Japani waliokuwa wanatazama wakaridhika. Uzalishaji wa kudumu ulianza 1953, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser, kwa sababu Jeep lilikuwa jina la watu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yakafika Australia kwenye mradi mkubwa wa mabwawa ya Snowy Mountains, na yaliyostahimili pale yalistahimili popote.

Mwaka 1960 ukaja mfululizo wa 40, ambao ulikuwa na pikapu yake ndefu iliyoitwa 45. Zilipofika Afrika Mashariki, Landrova ilikuwa bado bwana wa barabara. Lakini kampuni iliyokuwa inaitengeneza ilizama kwenye madeni na migomo, mpaka mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikaichukua, na vipuri ukivihitaji unavisubiri. Mjapani alileta gari na kreti la vipuri pamoja. Siasa haikuhusika sana hapo. Fundi humpenda anayempa bushi leo.

Wakati magari ya porini yanashindana, mjini pikapu ilikuwa inafanya kazi ambayo hakuna mhandisi aliyeikusudia. Nairobi, watu wa Eastlands walihitaji kufika kazini na mabasi hayakutosha. Mtu alinunua pikapu kuukuu, Peugeot 404 au Ford, akampa fundi. Peugeot 404 ilikuwa na heshima yake: ilikuwa imeshinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na gari linaloshinda Safari linajiuza lenyewe. Fundi aliinua mabomba kwenye sanduku la nyuma, akayavika mabati, akaacha matundu ya hewa, akaweka mabenchi mawili ya mbao ubavuni na bomba la kushikilia katikati. Nyuma akaacha wazi, maana ndipo mlango na ndipo kondakta alipoishi, mguu mmoja ndani, mmoja unapunga hewani. Nauli ilikuwa mapeni matatu ya senti kumi, na ndiyo asili ya neno matatu. Yalikuwa magari ya magendo mpaka mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba yanaweza kubeba abiria bila leseni maalumu ya usafirishaji. Kuanzia hapo mafundi wa mabati wa Nairobi hawakulala.

Dar es Salaam nako kulikuwa na chai maharage. Pikapu ileile, mabenchi yaleyale, abiria wanatazamana magoti yakigusana kama walioketi kwenye mgahawa wa uswahilini, na ukishindwa kuvumilia macho ya aliye mbele yako utahesabu misumari ya paa. Serikali ilikuwa na shirika lake la mabasi, UDA, na haikupenda kuona watu binafsi wakibeba abiria, lakini mwaka 1983 ilikubali yaishe na kuwapa leseni. Nauli ya shilingi tano, ambayo watu waliiita dala, ikazaa daladala. Baadaye vikaja vibasi vya Kijapani vyenye viti vinavyotazama mbele, na chai maharage ikafa Dar. Zanzibar haikufa. Huko bado unaweza kupanda pikapu yenye kibanda kifupi cha mbao na mabenchi ya pembeni, unaingia umeinama kama unaingia msikitini kwa mlango wa chini, na mzigo wa ndizi uko juu ya kichwa chako. Wazee wanakumbuka na lile gari la shamba, lori zima lililopigwa bodi la mbao. Kazi ya useremala ile ni nzuri kuliko inavyosifiwa.

Sasa turudi Arusha, na hapa siasa inahusika kweli.

Kwa miaka mingi mtalii wa Serengeti alitua Nairobi. Alipanda gari la kampuni ya Nairobi, lenye dereva wa Nairobi, akavuka Namanga, akaangalia simba wa Tanzania na kurudi kulala Kenya. Arusha iliambulia vumbi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka. Magari ya utalii ya Kenya yaliyokutwa upande wa huku yalishikiliwa, na ndege ndogo pia. Mpaka haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983.

Miaka sita na zaidi. Watalii walipungua vibaya, na Tanzania ilikuwa inaingia kwenye miaka ya njaa ya vipuri, mafuta ya mgawo, na marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana. Sitasema kufunga mpaka kulikuwa ni hekima. Waliopoteza kazi Namanga wangenicheka. Lakini kulilazimisha kitu kimoja: aliyetaka kumpeleka mtalii Ngorongoro ilimbidi awe na gari lililofungwa Arusha. Vipuri havikuwepo, kwa hiyo mafundi waliunga. Springi ya lori ilikatwa ikawa ya Landrova. Sehemu zilizochoka zilijazwa kwa kuchomelea na kuchongwa upya kwenye mashine. Mikono iliyolea magari mabovu katika miaka ile ndiyo iliyokuwa tayari biashara ilipofunguliwa katika enzi ya Rais Mwinyi na watalii wakarudi.

Na gari la kuwabeba lilikuwa limefika. Novemba 1984 Toyota ilitoa mfululizo wa 70, ambao pikapu yake ndefu iliitwa 75, na mwaka 1990 ikaipa injini ya 1HZ: diseli, silinda sita zilizopangwa mstari, ujazo wa lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta, pampu ya mafuta inaendeshwa kwa meno. Nguvu yake si ya kujivunia. Kwenye mlima wa kreta inapanda kama mzee anayehesabu ngazi. Lakini ukiibadilishia mkanda wa taimingi kila kilomita laki moja na ukaipa oili safi, itakuzika. Mwaka 1999 pikapu ikaitwa 79, na mbele ikaondolewa springi za bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zikawekwa springi za kujiviringisha. Dereva akapata raha, mafundi wa zamani wakanung'unika kwa miaka.

Kwenye pikapu hiyo ndipo jina likaja. Bomba jeusi linalotoka ubavuni mwa boneti, linapanda kando ya kioo cha mbele na kutazama mbele juu ya paa, Watanzania waliliita mkonga, na baadaye gari lenyewe likawa mkonga. Serikali ina mikonga, polisi wana mikonga, na mtu akikuambia mkuu wa wilaya amekuja na mkonga huulizi ni gari gani.

Wengi wanaamini mkonga ni wa kuvukia mito. Ni kweli kwa nusu. Injini inavuta hewa, na ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inajaribu kugandamiza kitu kisichogandamizika, vikono vyake vinapinda, safari imeisha. Diseli haina cheche za kuzimwa na maji, kwa hiyo ikipata hewa kutoka juu itaendelea kunguruma maji yakifika kwenye taa. Lakini uliza dereva wa Ngorongoro ni mara ngapi kwa mwaka anavuka maji ya kufika kwenye taa. Kazi ya kila siku ya mkonga ni vumbi. Hewa ya juu ya paa ina vumbi kidogo kuliko ile ya usawa wa gurudumu, hasa ukiwa nyuma ya magari kumi kwenye barabara ya Naabi ya kuingia Serengeti, na kichujio cha hewa kinaishi muda mrefu zaidi. Mdudu anayeua injini kusini mwa Sahara hupitia kwenye hewa.

Mwaka 1994 mikonga ilijaa magharibi mwa nchi. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, na nyuma yao yakaja magari meupe ya mashirika. Hayo yalikuwa yamekamilishwa kwingine. Kuna kampuni pale Gibraltar, inayopakana na Hispania, ambayo kazi yake ni kupokea Land Cruiser kutoka Japani na kuzivisha kwa ajili ya Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada: bampa za chuma, tangi la pili, winchi, redio za masafa ya mbali zenye antena ndefu inayopinda kama ndoana ya samaki, machela kwa zile za wagonjwa. Mafundi waliozitengeneza zilipoharibika walizisoma kama vitabu. Waliona mahali pa kupitishia nyaya, jinsi keria linavyokaa kwenye mifereji ya paa, na walipiga yao kwa bomba la dukani.

Lakini kuna jambo ambalo mteja hapendi kuambiwa. Kila unachoongeza kina uzito, na gari halikuomba. Bampa ya chuma, winchi, tairi la pili la akiba, kila kimoja kinakaribia kilo 40 au kuzidi. Tangi la pili la lita 90 likijaa ni kilo zaidi ya 70. Weka friji, bodi refu, paa la kuinuka, watalii saba wenye kamera za mizinga, na mpishi. Springi zilizochorwa Japani hazikuwahesabu hao. Fundi huongeza tabaka moja au mawili, gari linasimama juu kwa fahari, na sasa nguvu ambayo zamani ililainishwa na springi inakwenda moja kwa moja kwenye chesisi, pale palipochomelewa.

Nilijifunza hilo nikiwa abiria. Tulikuwa tumepita Naabi, barabara ina ile mikunjo kama ya bati, rasta tupu, na dereva anakwenda mwendo wa kuiruka juu kwa juu. Tukasikia mlio kama wa mti mkavu. Gari likalala ubavu wa kulia. Tabaka kuu la springi ya nyuma lilikuwa limekatika, na ekseli imesogea nyuma kidogo. Gari lilikuwa la kampuni ambayo sitaitaja, na tabaka la nyongeza lilikuwa la aina nyingine kabisa, gumu kuliko wenzake, limewabebesha mzigo usio sawa. Dereva hakutukana. Alitoa jeki, akarudisha ekseli mahali pake kwa mtaimbo, akakata tyubu kuukuu kuwa kamba, akaifunga springi mzunguko juu ya mzunguko mpaka ikawa nene kama mguu uliofungwa bendeji. Tulifika Seronera jua limezama, kwa mwendo wa maiti.

Kaskazini ya mpaka, nchini Kenya, kuna mafundi wenye imani tofauti kabisa. Pikapu za miraa za Meru hazihitaji bampa wala winchi. Zinataka kutoka Maua alasiri na kufika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kabla majani hayajanyauka, kwa hiyo wanaongeza springi za nyuma tu, wanainua kingo, wanafunga mzigo kwa turubai, na kila kisichosaidia mwendo kinatupwa. Dereva na gari lake ni kitu kimoja cha hatari. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, safari zilipungua, lakini Mogadishu na Nairobi zilikuwa bado zinatafuna.

Miezi michache iliyopita nilirudi kwenye uwanja uleule wa Arusha. Safari hii kwenye paleti la mbao palikuwa na injini ya 1HZ imekaa peke yake, nzima, imefutwa oili, kama ng'ombe aliyeuzwa anayesubiri mwenyewe. Gari lake lilikuwa linafungwa betri. Wazo hilo si geni tena. Kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza Nairobi mwaka 2017 kwa kubadilisha magari ya safari yawe ya umeme, na kwenye mbuga lina sababu nzuri: gari linakwenda polepole, masafa mafupi, na tembo hashtuki. Chesisi ilikuwa imerefushwa kama kawaida, mshazari uleule. Betri zilikaa pale tangi lilipokuwa. Fundi alikuwa amebadilisha springi, ila amejifunza: zote za aina moja.

Mkonga ulikuwa bado umefungwa ubavuni. Nikamuuliza wa nini, na injini haipo ya kuvuta hewa.

“Tuliutoa,” akasema. “Bosi akaja akasema rudisheni. Anasema mtalii akiona gari halina mkonga anauliza kama kweli tutafika.”